Siku za Mwisho Kabla ya Mtihani wa Kijapani

Baadhi ya wanafunzi wetu wameanza kujifunza lugha ya Kijapani, na wazazi wengine wameniuliza kama lugha hiyo ina mtihani wenye cheti, na mtoto ajitayarishe namna gani wiki zinapobaki chache. Mimi niliufanya mtihani huo mjini Nairobi, kwa hiyo nitaeleza yale niliyoyaona kuwa na faida. Neno langu kubwa ni hili: katika mwezi wa mwisho mtu hashindi kwa kurundika maneno mapya. Hushinda kwa kuziba tundu lililo wazi, na kwa wengi wetu tundu hilo li katika masikio.

Kwanza yafaa tujue mtihani wenyewe. Kwa Kijapani huitwa Nihongo Nooryoku Shiken, na watu wengi huuita JLPT. Ulianza mwaka 1984 ukiwa na madaraja manne. Tangu mwaka 2010 madaraja ni matano: N5 ndilo la chini kabisa, na N1 ndilo la juu. Hufanywa Jumapili ya kwanza ya Julai na Jumapili ya kwanza ya Desemba, lakini miji mingi huufanya mara moja tu kwa mwaka. Nairobi hufanywa Desemba. Kwa hiyo anayeshindwa hungoja mwaka mzima, naye hulipa ada na nauli mara ya pili.

Mtahiniwa haulizwi kuzungumza wala kuandika insha. Husoma au husikiliza, kisha huchagua jibu moja na kulitia alama kwa penseli katika karatasi ya kujibia. Katika daraja la N5, maneno hupewa dakika 20, sarufi na kusoma dakika 40, na kusikiliza dakika 30. Jumla ni saa moja na nusu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi hawaliangalii. Alama zote za N5 ni 180, na ya kufaulu ni 80. Lakini 80 peke yake haitoshi. Kati ya alama 120 za maneno, sarufi na kusoma, sharti upate zisizopungua 38. Na kati ya alama 60 za kusikiliza, sharti upate zisizopungua 19. Tuseme mwanafunzi amepata 84 katika kusoma na 16 katika kusikiliza. Jumla yake ni 100, naye ameshindwa. Mwenzake amepata 55 na 25. Jumla yake ni 80 tu, naye amefaulu. Yule wa kwanza alijua maneno mengi zaidi, lakini hakulitazama tundu lake.

Basi zinapobaki wiki nne, fanya mtihani mmoja mzima wa mazoezi, saa ikiwa mezani. Wenye mtihani walitoa vitabu vya mazoezi mwaka 2012, wakatoa vingine mwaka 2018, navyo hupatikana bure katika intaneti pamoja na sauti zake. Usisimamishe saa ili kunywa maji, wala usirudie sauti. Ukimaliza, hesabu makosa kwa kila sehemu mbalimbali. Sehemu iliyo dhaifu ndiyo ipewe nusu ya muda wako wote uliobaki, hata kama huipendi.

Mwanafunzi anayejifunza kwa vitabu peke yake huwa dhaifu katika kusikiliza. Hili hutushangaza sisi wasemaji wa Kiswahili, kwa sababu sauti za Kijapani ni rahisi kwetu. Irabu zao ni tano kama zetu: a, e, i, o, u. Lakini urahisi huo unaweza kutudanganya. Nitataja mitego minne.

Mtego wa kwanza ni urefu wa sauti. Obasan ni shangazi, na obaasan ni bibi mzaa mama au mzaa baba. Kite ni "njoo", na kitte ni stempu ya barua. Tarehe nne ni yokka, na tarehe nane ni yooka. Msemaji wa Kiswahili asiseme kwamba haya ni mambo madogo, kwani hata sisi tunajua kwamba kufa si kufaa.

Mtego wa pili ni saa. Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi huhesabu kuanzia kucha na kuchwa. Ichi ni moja, na shichi ni saba. Lakini ichi-ji ya mchana ni saa saba kwetu, na shichi-ji ya asubuhi ni saa moja kwetu! Tena maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti. Mtu anayesikia, akatafsiri kichwani, kisha akageuza saa, atapitwa na swali. Dawa yake ni kuchora uso wa saa na kujizoeza kuonyesha mshale mara tu unaposikia neno, bila kupitia Kiswahili.

Mtego wa tatu ni kukanusha. Sisi husema "ninakwenda" na "siendi", na msikilizaji hujua tangu silabi ya kwanza. Mjapani huliweka jambo hilo mwishoni kabisa: ikimasu ni "ninakwenda", na ikimasen ni "siendi". Basi usitie alama ya penseli kabla sentensi haijakwisha. Mara nyingi msemaji hutaja siku ya Jumamosi, kisha mwishoni akaikataa na kuchagua Jumapili.

Mtego wa nne ni wa sarufi. Sisi twasema "naenda shuleni" na "nasoma shuleni", na hiyo -ni moja yatutosha pote. Kijapani kinatenganisha. Pale unapokwenda huwekwa ni: gakkoo ni ikimasu. Pale kazi inapofanyika huwekwa de: gakkoo de benkyoo shimasu. Neno lao ni linafanana na -ni yetu, na kwa ajili hiyo hutuvuta tuliweke kila mahali.

Katika mtihani sauti hupigwa mara moja tu, na maji yakimwagika hayazoleki. Maswali mengine ya kusikiliza hayana hata neno moja lililochapwa: unasikia usemi mfupi na majibu matatu, nawe wachagua. Ukikosa swali moja, weka alama yoyote uliyoikisia, kisha uliache. Anayelilia swali la tatu hulikosa la nne pia. Jizoeze kwa dakika 30 kila siku bila kusimamisha, ili masikio yapate stahamala kama miguu ya mkimbiaji.

Wiki ya mwisho usifungue kitabu kipya. Pitia herufi za hiragana na katakana, 46 za msingi kwa kila aina, upesi na bila kukosea, kwa sababu anayesoma polepole huishiwa na dakika. Pitia yale maneno uliyoyakosa katika mazoezi, si yale unayoyajua. Lala mapema kwa siku tatu mfululizo, maana usingizi wa usiku mmoja haulipi deni la juma zima.

Jioni ya kuamkia mtihani tayarisha hati ya mtahiniwa, kitambulisho, penseli mbili za HB zilizochongwa, kifutio, na saa ya mkononi ya kawaida isiyolia. Anayetoka mbali na alale mjini usiku huo. Simu izimwe kabisa na kuwekwa mbali, kwani ikilia chumbani mtihani wako umekwisha. Wakati wa mapumziko usiende mbali, maana kusikiliza kukianza mlango haufunguliwi kwa aliyechelewa.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto anapokaa na vihesabio vya sauti masikioni akisikiliza Kijapani nusu saa kila jioni, msidhani anacheza. Mwacheni amalize, ndipo mumtume dukani. Hiyo nusu saa yaweza kuwa ndizo alama tatu zilizompungukia yule mwanafunzi wetu wa 84 na 16.

Nawatakia heri wote watakaojaribu.