Chembe ya damu iliyozua ugomvi nyumbani

Jirani yangu mmoja hapa Nairobi alipojifungua mtoto wa kike, nyumba nzima ilijaa vigelegele. Mtoto alinyonya, akanenepa, akacheka na kila mtu. Lakini alipotimiza miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia usiku kucha. Zahanati ya kwanza ilisema ni malaria. Ya pili ikasema ni baridi. Nyanya yake, ambaye alikuwa amekuja kutoka mashambani kuwasaidia, akasema kuna mkono wa mtu.

Hatimaye damu ilipimwa katika maabara yenye kipimo kinachofaa, ikabainika kwamba ni ugonjwa wa selimundu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza hasa.

"Mama watoto, kwetu hakuna ugonjwa kama huo," baba alisema. "Waulize watu wa kwenu."

Ili kujua ni kwa nini bwana huyo alikosea, itatubidi, msomaji, tuingie ndani ya seli.

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja tu, nusu ya maagizo yake ikitoka kwa mama na nusu kwa baba. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na kuendelea. Sasa mwilini mwako zipo za misuli, za ubongo, za ngozi, za ini, na kila moja ina kazi yake. Je, zilijuaje la kufanya?

Fikiria nyumba inayojengwa. Mwashi, seremala, fundi wa mabomba na fundi wa stima wote wamepewa nakala ya ramani ile ile, tena nzima. Hata hivyo, fundi wa stima hafungui ukurasa wa mabomba. Seli nazo ni hivyo. Karibu zote hubeba jeni zile zile ndani ya kiini, lakini kila aina ya seli hufungua kurasa zinazoihusu na kuzifunga nyingine. Seli ya jicho ina maagizo yote ya kutengeneza nyongo, haiyasomi tu.

Sasa tazama seli nyekundu ya damu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyojitolea kuliko zote. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kutokana na seli shina ambazo bado hazijachagua kazi. Inapokomaa husoma hasa ukurasa mmoja, ule wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Hujijaza protini hiyo hadi inakaribia kufurika. Kisha hufanya jambo la ajabu: hukitupa nje kiini chake, ramani na yote! Inabaki kama chapati ndogo iliyobonyezwa katikati pande zote mbili, laini, yenye uwezo wa kujikunja na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Ukizipanga seli hizo kama 130 katika mstari mmoja, utapata takriban milimita moja.

Bila ramani, seli hiyo haiwezi kugawanyika wala kujikarabati ipasavyo. Huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huichukua. Ndiyo maana uboho wa mtu mzima hauna likizo: hutoa seli nyekundu mpya karibu milioni mbili kila sekunde.

Katika selimundu, kosa liko katika ukurasa huo mmoja, na ni kosa la herufi moja. Himoglobini inayotokana nalo hubeba oksijeni vizuri tu, lakini ikishaitoa, hushikana na nyingine na kuunda nyuzi ngumu. Seli hupindika kama mundu wa kukatia nyasi. Haikunjiki tena, huziba vijishipa, na hapo ndipo maumivu hutokea. Badala ya siku 120 huishi 10 hadi 20, ndipo mtoto akapungukiwa na damu na macho yakawa manjano.

Mbona basi mtoto yule alikuwa mzima kwa miezi kadhaa? Kwa sababu akiwa tumboni, seli zake zilikuwa zikisoma ukurasa mwingine, wa himoglobini ya kichanga, ambao hauna kosa. Ukurasa huo hufungwa polepole baada ya kuzaliwa. Hapakuwa na mkono wa mtu hapo.

Na baba je? Kila mtu ana nakala mbili za ukurasa wa himoglobini. Mwenye nakala moja yenye kosa na moja nzima kwa kawaida haugui. Anaweza kuzeeka bila kujua. Mtoto huugua anapopokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Wazazi wawili wa aina hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nasisitiza kila mimba, maana wapo wanaodhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Nakala moja mbovu ina faida yake pia. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyelelewa Gilgil, alizunguka Kenya akipima damu. Aliwakuta wenye nakala hiyo kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu. Mnamo 1954 alitoa maelezo yake: nakala moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, kosa hilo lilidumu.

Siku hizi upo msaada. Dawa ya haidroksiyurea huushawishi uboho kufungua tena ule ukurasa wa kichanga. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria na vifo vilipungua. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni za seli shina zenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, kwa hivyo tuiache hapo.

Jirani yangu alichukua muda kumshawishi mumewe kupimwa. Alipokwenda, alirudi na karatasi mkononi, akaiweka mezani bila kusema neno. Ana nakala moja, kama mkewe. Wiki iliyofuata alimpigia mamake simu.

Binti yao sasa anasoma darasa la pili. Hunywa dawa yake kila jioni, na mkobani habanduki na chupa ya maji, kwani kiu humletea maumivu. Mwalimu wake ameshaelezwa: akiomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu kwa asubuhi moja, asimzuie.