Pete ikinywa maji, usimnunie mpenzi!

Wiki hii nina neno na kina dada mliovishwa pete za opali, na nyie makaka mliovunja kibubu kuzinunua. Msicheke, uchumba unaweza kuyumba kwa sababu ya beseni la nguo.

Shosti mmoja mtaani kwetu alifua na pete yake kidoleni. Alipomaliza, zile rangi za kijani, nyekundu na buluu zilizokuwa zikicheza ndani ya jiwe hazipo, limebaki kama kipande cha chupa. Akamwita mchumba wake tapeli. Jamaa akaapa weee, wapi! Siku ya tatu rangi zikarudi zenyewe, lakini maneno yalishamtoka mtu.

Siri ni hii. Opali nyingi zilizoko sokoni siku hizi zinatoka Wollo, Ethiopia, ambako machimbo ya Wegel Tena yalianza kuvuma mwaka 2008. Nyingi kati ya hizo zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hivyo hunywa maji kama sifongo. Vitundu vikijaa, jiwe linakuwa kama kioo na rangi zinafifia. Likikauka, rangi zinarudi, iwe baada ya saa chache, siku kadhaa au hata wiki. Opali za Australia kwa kawaida hazina mambo hayo.

Kwa hiyo maji safi si adui mkubwa. Adui ni vile vinavyoingia navyo: mafuta ya nywele, losheni, pafyumu, hina na sabuni za rangi. Hivyo vikishazama ndani, kuvitoa ni kazi, na jiwe linaweza kubadilika rangi moja kwa moja.

Basi dada, vua pete kabla ya kuoga, kufua, kupika au kupaka hina. Pafyumu kwanza, pete baadaye. Kuisafisha, kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Sonara akitaka kuitia kwenye mashine ya mtetemo au ya mvuke, mwambie hapana. Ikilowa, iache kivulini ikauke taratibu. Ukiianika juani au kuipiga draya ya saluni, jiwe linaweza kupasuka. Iweke peke yake kwenye kifuko laini, maana hata mchanga wa kawaida unaikwaruza.

Nanyi makaka, opali huuzwa kwa karati, yaani kwa uzito. Lililokunywa maji huwa zito zaidi, kwa hiyo hakikisha unapimiwa jiwe kavu. Tena kwa kuwa linanyonya, ni rahisi kulitia rangi ya bandia. Ukiona zambarau kali au weusi wa kutisha, uliza kwanza kabla ya kutoa pochi.

Na siku ya kumvisha, mpe na maelezo hayo hapo hapo. Kusubiri mpaka aingize mkono kwenye povu ni kujitafutia kesi. Haya, kazi kwenu!