Kariandusi na Hyrax Hill: Darasa la Sayansi Kando ya Barabara Kuu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru hupita karibu na Kariandusi na Hyrax Hill kwa matatu kila mara bila kushuka. Vituo hivi viwili, vilivyo karibu na barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, ni makumbusho ambako mtoto hujifunza sayansi kwa kutazama, kuchora, kuhesabu na kuuliza. Hilo ndilo linalohimizwa na Mtaala wa Umilisi, na mzazi hahitaji maabara wala shahada ya sayansi ili kumsaidia mwanawe.

Kariandusi: zana za miaka milioni moja

Kariandusi iko eneo la Gilgil, karibu na Ziwa Elementaita. Iligunduliwa mwaka wa 1928 na mwanaakiolojia Louis Leakey. Mgeni huona mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa pande mbili na watu wa kale yapata miaka milioni moja iliyopita. Baadhi ni ya obsidiani, kioo cheusi kinachotokea lava ya volkano inapopoa upesi. Obsidiani huvunjika kama chupa na kuacha makali, ndiyo maana ilifaa kukatia nyama na ngozi.

Badala ya kumsomea mtoto maelezo yote, mzazi anashauriwa kumuuliza: shoka hili halina mpini, ungelishika vipi? Ni upande gani ungekata? Mtoto achore umbo lake kwenye daftari, kisha alinganishe ukubwa wake na kiganja chake. Akikosea jibu, asikatizwe haraka. Aachwe atazame tena na ajirekebishe mwenyewe.

Eneo hilo pia lina diatomaiti, mwamba mweupe na mwepesi uliofanyika kwa maganda ya mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo uliishi ziwani, na ulipokufa maganda yake yakarundikana chini ya maji. Kwa hivyo mwamba huo, ambao leo uko nchi kavu, ni ushahidi kwamba ziwa liliwahi kufika hapo.

Hyrax Hill: ziwa lililosogea

Hyrax Hill iko nje kidogo ya jiji la Nakuru. Mary Leakey alichimbua eneo hili mwaka wa 1937 na 1938, na kupatikana makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Watoto hufurahia zaidi vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Wanaweza kuhesabu vishimo na safu zake, kisha wachimbe vingine kama hivyo ardhini nyumbani na kucheza kwa mbegu au kokoto.

Kutoka mlimani, mtoto aonyeshwe lilipo Ziwa Nakuru. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi zaidi, Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yaliungana yakawa ziwa moja kubwa. Katika miaka ya hivi karibuni maji ya Ziwa Nakuru yamepanda tena, yakafunika miti na kuzihamisha familia kadhaa. Mtoto anayejua kwamba ziwa hupanda na kushuka ataelewa ni kwa nini suala la mahali pa kujenga nyumba si la kupuuzwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani

• Vituo hivi viko chini ya Shirika la Makumbusho ya Taifa ya Kenya (NMK). Thibitisha ada na saa za kufungua kwanza, na uliza kuhusu malipo kupitia eCitizen.
• Beba kitambulisho, maji ya kunywa, kofia, daftari na penseli. Watoto wavae viatu vilivyofungwa.
• Ikiwa kuna mtoto au mzee mwenye ulemavu, ulizia mapema hali ya njia, kwani sehemu nyingine zina miinuko.
• Muulize mwongozaji ni vitu gani vinavyoruhusiwa kuguswa. Watoto wasishike obsidiani ovyo kwa sababu hukata.
• Chagua mambo mawili au matatu tu. Mtoto aliyechoka hajifunzi.

Jiwe libaki mahali pake

Ni kosa kuondoka na jiwe au kifaa cha kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo. Wataalamu hutambua umri wa zana kwa kuchunguza tabaka la udongo ilimolala. Ikishaokotwa na kutiwa mfukoni, ushahidi huo hupotea, na hata ikirudishwa haisaidii tena.

Jaribio la kufanya nyumbani

Tia mchanga na udongo kwenye chupa angavu ya plastiki, ongeza maji, funga na utikise. Iache usiku kucha. Asubuhi, mtoto ataona kwamba chembe kubwa zimetua chini na zile laini zimekaa juu yake. Mimina polepole udongo wa rangi nyingine, kisha subiri siku moja zaidi. Muulize: ni tabaka gani lililotangulia? Akijibu kwamba ni la chini, mwambie azike kitufe katika tabaka hilo kwa mawazo tu, kisha aeleze mtu atakayekikuta atajuaje kama kilizikwa kabla au baada ya udongo wa juu.