Una ulemavu na umeitwa chuo Kisii? Makaratasi kwanza, mabegi baadaye

Barua ya kujiunga na chuo ikifika nyumbani, iwe Bomachoge au kule Borabu, familia nzima huanza kuhesabu karo, godoro na sufuria. Wewe unayetumia kiti cha magurudumu, au usiyeona ubaoni, au unayesikia nusu tu ya kinachosemwa, una hesabu nyingine ambayo hakuna mjomba atakukumbusha. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie mahubiri ya kupata digrii ya daraja la kwanza. Nataka tu usipoteze muhula kwa kitu ambacho barua moja ingemaliza.

Anza na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Unapimwa kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, daktari anajaza ripoti, kisha unasajiliwa. Ukiwa na kadi unaweza kuomba ufadhili wa masomo wa Baraza, na hakuna ofisi ya chuo itakayokuuliza, "Na wewe ulemavu wako ni upi?" Fanya hivyo kabla ya kuripoti. Foleni ya hospitali haijali kwamba una CAT Jumatatu.

Sasa tuingie kwenye sehemu ngumu: kusema. Mwenye mkongojo hana namna ya kuficha. Lakini kuna msee ana kifafa, mwingine sikio moja halifanyi kazi, na wote wanaingia chuo kimyakimya wakiogopa kuonekana wanatafuta huruma. Naelewa. Shida ni kwamba ukinyamaza hadi uanguke mtihani, maelezo yako yatasikika kama kisingizio hata kama ni ukweli mtupu.

Huenda kwenye KCSE ulipewa dakika 30 za ziada. Usidhani zinakufuata chuoni zenyewe! Zile zilitoka kwa Baraza la Mitihani, KNEC. Chuo kinatunga na kusimamia mitihani yake, na wewe ndiye wa kuomba. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara, nakala ipelekwe ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi. Sema wazi unachohitaji: muda zaidi, karatasi ya maandishi makubwa, nukta nundu, au kufanyia mtihani kwenye tarakilishi. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri. Mhadhiri akikwambia "sawa, hakuna shida" kwenye korido, shukuru, halafu bado upeleke barua. Siku ya mtihani msimamizi anaweza kuwa mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kukuona.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kufikia taasisi za elimu na vifaa, na kutumia lugha ya ishara au nukta nundu. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Usiingie ofisini ukikariri vifungu kama wakili wa sinema. Vitaje kwa mstari mmoja kwenye barua, inatosha.

Halafu kuna Kisii yenyewe. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake 2013, lakini milima ilikuwepo kitambo, na unajua mvua ya huku inavyopenda kushuka alasiri. Njia uliyopita asubuhi bila shida, saa tisa ni utelezi mtupu. Nunua mpira wa akiba wa mkongojo, maana uliolika hukuangusha kwenye sakafu iliyolowa. Ratiba ikitoka, angalia ni madarasa gani yako ghorofani, kisha mwambie kiongozi wa darasa aombe chumba cha chini kabla watu hawajazoea. Ukienda Kisii National Polytechnic, mambo ni yaleyale.

Kwa asiyeona, NVDA ni programu ya bure inayosoma kilicho kwenye skrini ya laptopu, na simu ya Android ina TalkBack. Vitabu vinavyosomeka kwa programu hizo utavipata Bookshare. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh 2017, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila mzozo wa hakimiliki.

Kwa kiziwi, usiridhike na Live Transcribe, ile programu ya Google inayogeuza sauti kuwa maandishi. Inasaidia, lakini ukumbi ukiwa na kelele inaandika vituko. Omba mkalimani wa lugha ya ishara kwa maandishi, na wakati unasubiri, omba slaidi kabla ya kipindi. Profesa Michael Ndurumo, aliyefundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa kiziwi. Akikwambia mtu kozi yako "ni ngumu kwa mtu kama wewe", mpe hilo jina aende akaligugo.

Wiki ya kwanza, wenzako wakizunguka kupiga picha, wewe fuata njia kutoka hosteli hadi darasani, maktaba na chooni. Ndiyo, chooni: angalia kama mlango unapitisha kiti. Ombi la chumba cha chini hosteli peleka siku hiyohiyo unayoripoti, kwa sababu vyumba hivyo huisha haraka na waliovichukua wengi wana miguu miwili mizima.