Maumivu Yanayofichwa Ndani ya Ndoa

Wako akina mama wanaowapenda waume zao kwa moyo wote, lakini kila wakijaribu tendo la ndoa misuli ya uke hujikaza yenyewe na kufunga njia. Ugonjwa huu huitwa vajinismasi. Si ukaidi wala uchawi. Baba, usimrudishe mwenzako kwao, wala usimlazimishe. Nguvu huzidisha ugonjwa.

Kwanza amwone daktari wa wanawake, achunguze kama kuna kidonda au maambukizo. Daktari anaweza kushauri vipanuzi, yaani vijiti laini vya plastiki au silikoni vyenye ncha ya mviringo. Huuzwa kwa seti, kuanzia unene wa kidole kidogo. Kazi yake hasa ni kuizoeza misuli kulegea.

Mama mwenyewe huanza na kile chembamba kuliko vyote. Hukipaka jeli ya maji, huvuta pumzi polepole, kisha hukiingiza akiwa ametulia. Dakika 10 hivi kwa siku zatosha. Kikiuma, apumzike. Asihamie kinachofuata mpaka hiki kiingie bila maumivu, hata yakipita majuma. Akimaliza, akioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hubatilisha ndoa pale tu kutoweza tendo hilo kulipokuwapo kabla ya ndoa, tena kwa kudumu. Kinachotibika si cha kudumu. Basi, kabla ya kufikiria kuachana, nendeni hospitali wote wawili.