Baada ya joho, nani hukumbuka chuo?

SIKU ya mahafali huwa haina mfano katika familia. Matatu hukodishwa kijijini kabla jogoo hajawika, nyanya hununuliwa leso mpya, mashada ya karatasi za kumetameta huning'inizwa shingoni na wapiga picha hawapati nafasi ya kupumua. Jina likitajwa, mama hububujikwa na machozi na baba hujifanya ana vumbi jichoni. Jioni mbuzi hugeuka kitoweo, na majirani hula wakashiba.

Kesho yake joho hurudishwa. Kwa wahitimu wengi wa humu nchini, hiyo huwa ndiyo siku ya mwisho ya kufikiria habari za chuo, mpaka pale mwajiri atakapotaka kuona nakala ya matokeo.

Lakini nyuma yao hubaki wengine. Yupo mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio la karo. Yupo msichana anayekula mlo mmoja kwa siku na kuwaambia wenzake kwamba anafunga. Yupo kijana aliyekosa kodi ya chumba, akawa analala sakafuni kwa rafiki. Na yupo yule aliyeahirisha masomo kwa mwaka mmoja tu ili atafute pesa, na miaka mitatu baadaye bado anabeba mawe kwenye mjengo.

Nani anapaswa kuwanusuru? Wengi watasema serikali, na hawakosei. Wengine watasema mzazi. Ni wachache watakaomtaja yule aliyekalia kiti hichohicho, katika ukumbi huohuo, miaka kumi iliyopita, na ambaye leo ana mshahara.

Walivyoanza Wamarekani

Nchini Marekani desturi ya wahitimu kukichangia chuo chao kila mwaka ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha mfuko wake wa wahitimu mwaka 1890, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo. Princeton walianza mchango wao wa kila mwaka mnamo 1940, na katika mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2022 walikusanya zaidi ya dola milioni 81. Waliotoa walikuwa wahitimu, wazazi wa wanafunzi na marafiki wa chuo.

Ukisikia kiasi hicho utadhani ni mchezo wa matajiri, na ni kweli matajiri hawakosekani. Hata hivyo, siri ya mpango huo ni idadi ya wanaotoa. Kila darasa la mwaka fulani huwa na watu wake wa kujitolea ambao huwapigia simu wenzao waliosoma pamoja na kuwakumbusha. Anayeombwa haombwi na karani asiyemjua. Anaombwa na mtu aliyekuwa akilala kitanda cha pili. Mwisho wa mwaka chuo hutangaza kilichopatikana, na pia ni wahitimu wangapi katika kila mia waliotoa chochote. Aliyetoa dola 10 na aliyetoa dola 10,000 wote huhesabiwa mmoja mmoja.

Jambo la pili ni matumizi. Vyuo hivyo vina mifuko ya aina mbili. Upo mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauguswi. Pesa huwekezwa na chuo hutumia sehemu ya faida mwaka baada ya mwaka. Mfuko wa Harvard, kwa mfano, una zaidi ya dola bilioni 50. Lakini mchango wa kila mwaka ni tofauti. Huo huingia na kutumika mwaka uleule, kwa basari, vitabu, maabara au paa linalovuja. Mfuko wa kudumu ni kama shamba la minazi, na mchango wa mwaka ni kama unga wa leo jioni. Nyumba huhitaji vyote viwili.

Wazazi nao huombwa, ingawa tayari wamelipa karo. Wanaoomba hueleza kwamba karo peke yake haitoshelezi gharama yote ya kumsomesha mwanafunzi. Mzazi ana hiari ya kukubali au kukataa, na mtoto wake hapaswi kupendelewa wala kuonewa kwa sababu hiyo.

Mfuaji nguo aliyewashangaza wengi

Anayedhani kutoa ni kazi ya wenye nacho na asikie habari za Oseola McCarty. Mama huyo mweusi, aliyezaliwa mwaka 1908, aliishi mji wa Hattiesburg katika jimbo la Mississippi. Aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze shangazi yake, na tangu hapo akaishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Hakuolewa, hakuwa na mtoto na hakumiliki gari. Alikwenda kwa miguu, na kila alichobakisha alikiweka benki.

Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 87, alitangaza kwamba dola 150,000 za akiba yake zingeenda Chuo Kikuu cha Southern Mississippi ili kuwasomesha wanafunzi wasiojiweza. Hicho ni chuo ambacho katika ujana wake kisingempokea kwa sababu ya rangi yake. Habari zilipoenea, mamia ya watu walichanga ili kuongeza mfuko huo, na Rais Bill Clinton akamtunuku nishani. Alifariki mwaka 1999. Hakuwahi kukaa darasani katika chuo hicho hata siku moja, lakini wapo waliohitimu kwa jasho la mikono yake.

Sisi si wageni wa mambo haya

Msomaji asije akadhani kwamba tunaiga ya Wazungu. Historia ya elimu ya juu nchini Kenya imejengwa kwa michango.

Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa mwaka 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga pesa za kujenga chuo cha kumkumbuka. Mpango wao uliunganishwa na ule wa chuo cha kifalme cha ufundi kilichofungua milango yake jijini Nairobi mwaka 1956. Chuo hicho ndicho kilichokua na kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Huko Mombasa, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME ilisimama kwa msaada wa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Leo mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kisha kuna safari za ndege za Tom Mboya. Septemba 1959, wanafunzi 81 walisafirishwa hadi Marekani kusoma. Huko, mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba msaada, na maelfu ya Wamarekani wa kawaida wakatuma walichokuwa nacho. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Huku nyumbani nako, vijiji viliandaa karamu za chai na kuuza kuku na mbuzi ili kijana wao asiende mikono mitupu. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwemo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alikuja kutuzwa Nishani ya Amani ya Nobel.

Katika miaka ya sabini moto wa harambee ulienea kila mkoa. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia kuanzishwa kwa taasisi ya ufundi ya Kimathi, ambayo tangu mwaka 2012 ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Magharibi, wananchi walichangia chuo cha WECO mjini Kakamega, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wengi wa waliotoa hawakujua kusoma. Walitoa ili wajukuu wajue.

Mbona mikono imefumbwa?

Ikiwa babu zetu wasio na vyeti walitoa, kwa nini wajukuu wenye digrii hawatoi?

Sababu ya kwanza ni mzigo. Kijana anayeajiriwa leo hukuta ndugu wanne wakimngojea na karo, dawa na mbolea. Isitoshe, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, humdai alichokopa. Si haki kumlaumu anayegawanya mshahara mdogo mara saba. Hata hivyo, mhitimu anayelipa mkopo wake bila kukimbia tayari amechangia, maana pesa zinazorudishwa ndizo hukopeshwa wanaofuata. Anayejificha HELB isimpate anamfungia mlango mdogo wake.

Sababu ya pili ni shaka, nayo ndiyo kubwa zaidi. Wakenya wameona harambee zikigeuzwa jukwaa la siasa. Waheshimiwa walifika na magunia ya pesa zisizojulikana zilikotoka, na karani wa wilaya alilazimishwa kununua kadi ya mchango asioutaka. Mambo yalizidi hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka watumishi wa umma katika kuchangisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sababu ya tatu ni kwamba vyuo vyenyewe havijui kuomba. Mhitimu hukaa miaka 15 bila barua wala salamu, kisha siku moja hupata ujumbe wa kumtaka achangie jumba jipya. Mtu humchangia anayemjua. Shule za upili zimewashinda vyuo vikuu hapa, kwani wanafunzi wa zamani wa shule nyingi hukutana, hucheka, hukumbushana majina ya utani, na kabla ya kuagana wameshanunua matangi ya maji.

Hesabu ya shilingi mia

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme chuo kina wahitimu 20,000, na kila mmoja atoe Sh100 kwa mwezi. Kwa mwaka kila mtu atakuwa ametoa Sh1,200, na jumla itakuwa Sh24 milioni. Kama mwanafunzi wa kawaida anakwama kwa salio la Sh20,000, pesa hizo zitawavusha wanafunzi 1,200.

Utasema hiyo ni ndoto, maana si wote watakaotoa. Haya, tuseme atatoa mmoja tu katika kila 10. Bado zitapatikana Sh2.4 milioni, na wanafunzi 120 watafanya mtihani badala ya kurudi nyumbani. Na pesa hizo hazihitaji hema, viti vya kukodi wala mgeni wa heshima. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu aweza kutuma akiwa kwenye foleni ya matatu.

Haja yenyewe haijapungua. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vya umma walianza kutozwa sehemu ya gharama, na mzigo huo umekuwa ukirudi kwa mzazi kidogo kidogo. Mtindo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, unaopima uwezo wa kila familia, ulizua malalamiko hadi mahakamani. Wakubwa wakizozana, kijana wa mwaka wa kwanza hangoji hukumu. Anangoja chakula cha mchana.

Mchango si hongo

Lakini tahadhari nayo ni muhimu. Machi 2019, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki makumi ya watu, wakiwemo waigizaji mashuhuri, katika kashfa ya wazazi waliotoa hongo ili watoto wao waingizwe vyuo vya hadhi. Sehemu ya pesa hizo ilipitishwa katika shirika lililojiita la hisani. Baadhi ya wazazi walifungwa jela. Mchango ukitolewa ili mtoto apate nafasi au alama asizostahili, huo si mchango tena.

Wala michango isiwe kisingizio cha serikali kujivua wajibu wake. Pesa za wahitimu ni za kuziba pengo la dharura. Mishahara ya wahadhiri na ujenzi wa mabweni ni kazi ya anayekusanya kodi.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa, uliza. Akaunti ni ya chuo au ya mtu binafsi? Nani anachagua wa kusaidiwa, na wanafunzi wenyewe wanahusishwa? Hesabu hukaguliwa na kutangazwa lini? Dai risiti, hata kwa Sh100. Sheria ya kodi nchini huruhusu pia mchango wa pesa kwa shirika la hisani linalotambuliwa kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, basi uliza kama mfuko wa chuo chako umetambuliwa hivyo.

Ikiwa huamini ofisi kubwa, anzeni wenyewe. Watu 30 waliosoma pamoja wakitoa Sh200 kila mwezi hupata Sh72,000 kwa mwaka. Mwaandikie mkuu wa kitivo chenu, awatajie wanafunzi wawili au watatu waliokwama, na mlipe moja kwa moja kwenye akaunti ya karo bila kumpa mtu pesa mkononi. Jina la anayesaidiwa lisitangazwe, kwani umaskini wa mtu si tangazo.

Mzazi naye, hata asiye na cha kuongeza juu ya karo, ana la kutoa. Mwenye duka karibu na chuo aweza kumpa mwanafunzi kazi ya Jumamosi. Mwenye karakana aweza kumpokea wa mafunzo ya nyanjani. Mwenye chumba kisicho na mtu aweza kukikodisha kwa bei ya huruma.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya bwenini, usingoje kuwa tajiri. Mwenzako wa chumba cha pili akikosa mlo, mkaribishe sufuriani. Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo huo hufunzwa kabla ya joho, si baada yake.