Si Kila Kidole Kilichovimba Hupasuliwa



Katika Ghuba ya Ferguson, ufuoni mwa magharibi mwa Ziwa Turkana karibu na mji mdogo wa Kalokol, samaki ndio riziki ya watu wengi. Wanawake huwapasua tilapia na sangara, wakawatoa matumbo, wakawatia chumvi na kuwaanika juani. Kuchomwa na mwiba kwao ni jambo la kila siku. Kwa hivyo kidole kikivimba, husemwa ni mwiba au ni mdudu wa kidole, na wembe hutafutwa.

Tulipowazuru ndugu zetu wa huko, tulimkuta mama mmoja ambaye kidole chake cha shahada kilikuwa kikimwaka moto kwa siku ya tatu. Usiku hakulala. Kando ya ukucha palikuwa na malengelenge madogo madogo yaliyoshikana mfano wa punje za mtama. Jirani, kwa nia njema, alikwisha kuuchemsha wembe. Tuliwasihi wasubiri, naye akapelekwa kwa tabibu mjini Lodwar.

Tabibu hakuanza kwa kuuliza habari za samaki. Aliuliza: "Nyumbani kuna mtoto mwenye vidonda vya mdomo?" Alikuwapo. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa ametokwa na vidonda kinywani, na mama akimsafisha kwa kidole hicho hicho, ambacho kilikuwa na mchubuko wa mwiba. Mwiba ulifungua mlango tu. Walioingia ni virusi vya herpesi, ambavyo huishi katika mate na katika maji ya malengelenge.

Jina hilo lilipofika kwa mume, ulizuka msiba mwingine. Alikuwa amesikia kwamba herpesi ni maradhi ya zinaa, akaja kwetu uso umemsawijika. Tulimweleza yale aliyoyasema tabibu, nasi twayarudia hapa ili nyumba nyingine zisalimike. Virusi hivi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza, ile ya vidonda vya mdomo, watu wengi huipata utotoni kwa busu la jamaa au kwa mate. Aina ya pili aghalabu hukaa sehemu za siri. Zote mbili zaweza kufika kidoleni, lakini kidole peke yake si ushahidi wa uchafu wa mtu yeyote. Mtoto anyonyaye kidole akiwa na vidonda vya mdomo huyapata maradhi haya, na wauguzi na madaktari wa meno nao huyapata kwa kazi yao. Kumdhania mke au mume vibaya kwa sababu ya lengelenge ni dhuluma.

Basi tuyatambueje? Mara nyingi huanza kwa kuwashwa na kuchomachoma, kisha maumivu makali kuliko uvimbe unavyoonekana. Baadaye hutoka malengelenge yenye maji maangavu, ambayo huweza kuungana na kugeuka rangi. Huenda pakawa na homa, na tezi za kwapani zikavimba. Amma jipu la bakteria huwa na usaha mzito, na uvimbe wake hujaa na kuwa mgumu. Jipu hilo tabibu huweza kulipasua. Malengelenge ya herpesi hayapasuliwi. Kuyakata hakuyaponyi, bali huweza kusambaza virusi na kuingiza bakteria katika jeraha. Na kwa kuwa macho ya kawaida huweza kukosea, mwenye kuamua ni tabibu, si wembe wa jirani.

Kwa kawaida kidole hupona chenyewe baada ya wiki mbili au tatu. Dawa iitwayo asiklovia, ikiandikwa na tabibu, hufupisha muda huo, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kidole kifunikwe kwa bendeji kavu, mikono ioshwe kwa sabuni, taulo isishirikiwe, na jicho lisiguswe kabisa, kwani herpesi ya jicho huweza kuharibu uoni. Mwenye kisukari, mwenye kuishi na virusi vya ukimwi, au ambaye wekundu unapanda mkononi, asikawie kwenda hospitali. Maradhi haya huweza kurudi, kwa sababu virusi hubaki vimelala ndani ya neva.

Twataka kuwausia jambo moja zaidi. Mtoto mchanga akizaliwa, sisi humfanyia tahniki kwa tende iliyotafunwa na kusuguliwa kinywani mwake kwa kidole. Mwenye kidonda cha mdomo au lengelenge la kidole asiifanye kazi hiyo, wala asimbusu mtoto, awe bibi, awe baba, awe sheikh. Kwa mtoto wa siku chache, herpesi huweza kufika kwenye ubongo na ini, na ikaua. Sunna haipotei kwa kumwachia aliye mzima aitekeleze, na kumkinga mtoto na madhara ni wajibu.

Ama udhu, ambaye tabibu amemkataza kulowesha kidole, kwa madhehebu yetu ya Shafii huosha palipo salama, hupangusa maji juu ya bendeji, na hutayamamu. Dini haikutuwekea uzito.

Mama yule alirudi ufuoni baada ya wiki tatu, kidole kizima, bila kovu la wembe. Mumewe alimwomba radhi mbele yetu. Tunamwomba Mola awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuuliza kabla ya kukata, na kuuliza kabla ya kudhani. Amin.